Uttarayan (sikukuu ya kurusha tiara), Ahmedabad, India: uzi wa tiara unakata kweli?

Wadau, tarehe 14 Januari nitakuwa Ahmedabad. Tiara nirushie wapi, na vidole vitapona?

— Uzi wa manja hupakwa unga wa vioo, unakata haswa. Zungushia plasta kidole cha shahada kabla ya kuushika. Kwenye pikipiki funga skafu shingoni, nyuzi zilizokatika huning'inia barabarani. Wa nailoni umepigwa marufuku, usinunue.

— Rushia mji wa kale, juu ya paa za nyumba. Wenyeji hukodisha nafasi. Mwenzako ashike firki, yaani kigurudumu cha kuzungushia uzi. Tiara zikigusana, achia uzi mfululizo: ukisimama, unasagwa sehemu moja na kukatika.

— Alfajiri na jioni msirushe jamani, ndege wengi wako angani na hujeruhiwa vibaya. Tarehe 15 sherehe inaendelea. Kuleni undhiyu (mchanganyiko wa mboga) na jalebi (kitamu cha shira).