Ruzuku ya kufufua soko la mtaa: tuombe kwa jina la kikundi au kwa jina la mtaa?

Katibu wa Kikundi

Ndugu zangu, salaam. Mimi ni katibu wa kikundi cha watu kumi na wawili, wengi wetu mama lishe na wauza mboga, katika mtaa ulio pembezoni mwa mji mmoja mkoani Morogoro. Soko letu dogo limekufa taratibu mbele ya macho yetu: bati za banda kuu zimetoboka, mtaro umejaa mchanga, choo kimefungwa, na wafanyabiashara wamehamia kando ya barabara, ambako wanapanga nyanya juu ya viroba huku pikipiki zikipita karibu na miguu yao.

Mwezi uliopita tuliiandikia halmashauri barua ya kuomba ruzuku ya shilingi milioni 18 kutoka katika ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri inayotengwa kwa vikundi, tukaambatanisha katiba ya kikundi, cheti cha usajili na picha za soko. Barua ilirudi ikiwa na neno moja pembeni, limeandikwa kwa kalamu nyekundu: "Haihusiki." Naomba kueleweshwa ni wapi tulipokosea, na kama upo mlango mwingine wa kupitia.

Mtendaji Mstaafu

Ndugu Katibu, aliyeandika neno lile alikuwa sahihi, ingawa angeweza kuongeza sentensi mbili za maelezo. Asilimia 10 si ruzuku. Ni mkopo usio na riba unaotokana na mapato ya ndani ya halmashauri kwa mujibu wa kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, kilichoongezwa mwaka 2018, na mgawanyo wake ni asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utaratibu huo ulisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024 kwa masharti mapya, na sababu kubwa ya kusimamishwa ilikuwa ni fedha kutorejeshwa na kuwapo kwa vikundi hewa. Kikundi chenu kinaweza kukopa ili kununua majiko, mitungi ya gesi au mtaji wa mboga, kisha kikarejesha kutokana na faida. Lakini banda la soko litamrejeshea nani mkopo? Soko si mali ya kikundi. Ni mali ya umma, na ushuru wake hukusanywa na halmashauri.

Kwa sababu hiyo anayepaswa kuomba ni mtaa. Ombi huzaliwa katika mkutano mkuu wa mtaa, ambako wakazi wenye umri wa miaka 18 na kuendelea hukubaliana kwamba soko ndilo kipaumbele chao, kisha hupelekwa kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, na kutoka huko hufika kwa Afisa Mipango wa halmashauri. Hapo ndipo milango miwili inapofunguka. Wa kwanza ni bajeti ya maendeleo ya halmashauri yenyewe. Wa pili ni Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2009, ambao kamati yake huongozwa na mbunge na katibu wake ni Afisa Mipango huyo huyo. Kwa hiyo usishangae ukimkuta mtu mmoja kwenye milango yote miwili.

Angalieni pia kalenda. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai, lakini mipango ya mwaka huo huanza kukusanywa kutoka mitaani miezi mingi kabla. Ombi linalofika mwezi Mei, hata likiwa zuri namna gani, huambiwa lisubiri mwaka unaofuata.

Mjumbe wa Mtaa wa Pili

Namuunga mkono mzee wangu hapo juu, nami niongeze lililotupata sisi tulipoomba kukarabati choo cha gulio letu. Mara ya kwanza muhtasari wetu ulirudishwa kwa sababu haukuwa na orodha ya mahudhurio. Tulikuwa tumeandika kwamba "wananchi wengi walihudhuria", na kumbe msomaji wa ofisini hana namna ya kuhesabu "wengi". Mara ya pili tulipeleka majina na sahihi, tukaeleza hoja zilizobishaniwa na idadi ya kura zilizopigwa, na tukaambatanisha makadirio ya gharama yaliyopitiwa na mhandisi wa halmashauri badala ya yale ya fundi wetu. Tofauti kati ya makadirio hayo mawili ilikuwa kubwa, kwa kuwa fundi alisahau shimo la maji taka.

Jambo jingine lililotusaidia ni nguvu za wananchi. Tulizibua mtaro wenyewe, tukachimba msingi, tukakusanya mawe na mchanga, na mtendaji wa mtaa akaandika thamani ya kazi hiyo kwa shilingi ndani ya ombi. Mnajua wenyewe jinsi halmashauri zetu zilivyozoea kumalizia maboma ya madarasa na zahanati yaliyoanzishwa na wananchi. Mradi ambao tayari una jasho juu yake husukumwa mbele ya mradi ulio kwenye karatasi tu. Hata hivyo msijenge kabla ya mhandisi kufika, kwa maana boma lililokosewa vipimo ni mzigo ambao hakuna atakayekubali kuumalizia.

Muuza Mbogamboga

Mimi nina mashaka kidogo na Mfuko wa Jimbo. Fedha zake hugawanywa kwa jimbo zima, na jimbo moja lina kata nyingi, kila moja ikiwa na darasa lisilo na sakafu au zahanati isiyo na mlango, kwa hiyo milioni 18 kwa soko moja ni ombi zito. Ningekuwa mimi, ningeomba kutoka mfuko huo bati na mbao za banda tu, na kazi iliyobaki ningeielekeza kwenye mapato ya ndani. Miongozo ya bajeti huzitaka halmashauri kutenga sehemu ya mapato hayo, kulingana na ukubwa wa makusanyo, kwa ajili ya miradi ya maendeleo. Soko lina hoja ambayo darasa halina, nayo ni kwamba linaingiza ushuru. Hesabuni vizimba vilivyokuwa vikilipiwa zamani na vinavyolipiwa leo, kisha mwonyeshe ni kiasi gani halmashauri inapoteza kila mwezi kwa sababu ya paa bovu. Mweka hazina ataisoma karatasi hiyo kabla ya kuziangalia picha.

Kuna jambo ambalo hakuna aliyeligusa, nalo ndilo linaloniuma zaidi. Soko tulilokuwa tukiuzia sisi lilikarabatiwa likapendeza, lakini siku ya kugawa vizimba majina mapya yalijaa kwenye orodha, na mama mmoja aliyeuza mchicha pale kwa miaka mingi akaambiwa aandike barua ya maombi kama mgeni. Orodha ya wafanyabiashara wa sasa, pamoja na wale waliohamia barabarani, isomwe katika mkutano mkuu na iingie kwenye muhtasari kabla hata ya msumari wa kwanza kupigwa. Baada ya ukarabati mtakuwa mmechelewa.

Katibu wa Kikundi

Nawashukuru sana. Nimezungumza na mwenyekiti wa mtaa, naye amekubali kuweka soko katika ajenda za mkutano ujao. Kikundi chetu kitaandaa hesabu ya vizimba na orodha ya majina, lakini ombi litakuwa la mtaa. Kwa upande wetu tutaomba mkopo mdogo wa majiko peke yake. Limebaki swali moja: soko lipo hapo tangu enzi za wazee wetu, lakini hatuna karatasi yoyote ya eneo. Je, hilo litatukwamisha?

Mtendaji Mstaafu

Linaweza kuwakwamisha, Ndugu Katibu. Nendeni idara ya ardhi ya halmashauri mkaombe kuona kama eneo hilo limeandikwa kuwa soko katika ramani ya mipango miji. Kama banda lipo karibu na barabara kuu, pimeni umbali, kwa kuwa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu, yaani eneo lililotengwa kwa ajili ya barabara, hadi mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, na hakuna mhandisi atakayeweka sahihi yake kwenye banda lililo ndani ya hifadhi hiyo. Fanyeni hivyo kabla ya mkutano, ili kama kuna haja ya kulisogeza banda, wananchi walijadili siku hiyo hiyo.