Pedi za PS4 zenye sensa ya mwendo: bei zinapishana kwa nini?

Kabwe_Gemu
Wakuu habari. Natafuta pedi mbili za PS4: moja ya banda la gemu, nyingine ya kulengea kwa jairo (sensa inayohisi pedi ikigeuzwa) kwenye kompyuta. Hapa Mwanjelwa, Mbeya, kuna ya elfu 40 na ya laki na nusu, kwa macho zinafanana, na muuzaji anasema zote zina sensa. Nizijaribuje kabla sijatoa hela?

fundi_pedi
Mkuu, sensa ni chipu ya milimita chache tu, bei haipandi kwa sababu yake. Pedi ya Xbox ni ghali na jairo haina kabisa. DualShock 4, yaani pedi orijino ya PS4, ilitoka 2013 kwa dola 59.99, ikiwa na jairo na akselerometa (sensa ya mchapuko na mwinamo), zote za mihimili mitatu. Kopi nyingine hazina sensa, nyingine zinayo ila mbovu.

Dukani ichomeke kwenye PS4, fungua sehemu ya kutafuta mpaka kibodi itokee, kisha bonyeza R3, yaani analogi (kijiti) ya kulia uididimize. Inamisha pedi. Kielekezi kikifuata mkono, sensa ipo. Ilaze mezani: kikiendelea kutembea, iache.

Ya banda usiilipie laki na nusu kwa ajili ya jairo. Gemu za mpira haziitumii. Kagua analogi na vitufe.

Uyole_PC
Naongezea hapo kwenye kutembea. Jairo inapima kasi ya kugeuka, kisha programu inajumlisha. Kosa dogo likijumlishwa kila sekunde, shabaha inahama. Akselerometa hurekebisha mwinamo kwa kutumia mvutano wa dunia, lakini ukigeuza pedi kushoto au kulia ikiwa mlalo, mvutano haubadiliki, kwa hiyo huko haina msaada.

Na baridi yetu ya Juni na Julai inachangia. Pedi iliyolala kwenye baridi ikipata joto la mikono, sifuri ya jairo, yaani kipimo chake pedi ikiwa imetulia, inahama. Cheza dakika chache kwanza, ndipo uilaze mezani na kuipima upya kwenye mipangilio ya pedi ndani ya Steam, ile programu ya gemu za kompyuta. Meza isiwe na spika. Mtikisiko unaharibu kipimo.

Shabaha ikihama hata jairo ikiwa imezimwa, tatizo ni analogi, sensa haihusiki.

Kabwe_Gemu
Shukrani wakuu. Ile ya elfu 40 kwenye kompyuta inasomeka kama pedi ya Xbox. Ni kawaida?

fundi_pedi
Hapo jairo haitafanya kazi hata kama chipu imo, maana mfumo ule hauna njia ya kupitisha data ya mwendo. Kama haina namna ya kubadilishwa isomeke kama DualShock 4, ipeleke bandani.