Tovuti za msimbo: rangi mnaweka, mlango mnaacha wazi!

Wakuu, leo nina hasira, mnivumilie.

Hivi inakuwaje mtu anajenga tovuti ya kufundishia programu, halafu ukibandika mstari wa kwanza kabisa wa lugha ya C, `#include <stdio.h>`, msomaji anaona `#include` tupu? Brauza imedhani `<stdio.h>` ni tegi (alama ya amri) ya HTML, lugha ya kujengea kurasa za wavuti, ikaimeza kimya kimya. Kwenye Java, `List<String>` inabaki `List`. Mwanafunzi ananakili, anakompaili, inamgomea, anajiona yeye ndiye mjinga.

Sasa, tovuti inayomeza `<stdio.h>` ndiyo hiyo hiyo itakayomeza `<img src=x onerror=alert(1)>`. Picha haipatikani, `onerror` inafyatuka, na JavaScript ya mtu usiyemjua inaendeshwa kwenye brauza ya kila anayefungua ukurasa, kwa jina la akaunti yake. Mnyoo wa Samy (msimbo unaojisambaza wenyewe) uliutikisa mtandao wa kijamii wa MySpace mwaka 2005 kwa mchezo wa aina hii, akaunti zaidi ya milioni moja ndani ya saa 20. Na bado tuko hapa!

Niliwaandikia wenye tovuti moja. Jibu lao: "Tumeshazuia neno script", yaani ile tegi ya kuingizia JavaScript. Jamani, kwenye hiyo img kuna script wapi? Na sasa anayetaka kuonyesha mfano halali wenye `<script>` ndani yake naye kafungiwa. Nikasisitiza, nikaambiwa msimbo uko ndani ya `<pre>`. `<pre>` inatunza nafasi na mistari, basi!

Halafu ikaja ile kauli inayoniudhi kuliko zote: "Sisi tunatumia highlight.js." Sawa, na iwe. Hiyo ni maktaba ya kupaka msimbo rangi kwenye brauza, nayo inaanza kazi ukurasa ukiwa umeshasomwa. Kama msimbo uliingia mbichi, herufi zake hazijageuzwa, inafika maiti imeshazikwa. Toleo la 11 linatoa hadi onyo kwenye konsoli (dirisha la brauza la watengenezaji) likikuta HTML mbichi ndani ya msimbo, lakini nani anafungua konsoli?

Kazi yenyewe wala si kubwa. Hifadhini msimbo kama mwenyewe alivyouandika, na wakati wa kuonyesha mgeuze herufi ambazo brauza huzisoma kama HTML ziwe alama za kuonyeshwa tu: `&` kwanza iwe `&amp;`, ndipo `<` iwe `&lt;`. Mkianza na `<`, ile `&` mpya nayo itageuzwa, na msomaji ataletewa `&lt;` katikati ya msimbo (nimeziona nyingi hizo, aibu tupu). Mnaojaza ukurasa kwa JavaScript, tumieni `textContent` (inaweka maandishi matupu), achaneni na `innerHTML` (inayasoma kama HTML). Mnaopaka rangi kwenye seva kwa maktaba ya Pygments, yenyewe inageuza herufi ikitoa HTML, msiitangulie.

Na jina la lugha je? Mnampa mtu nafasi ajaze "python", mnalichukua lilivyo na kulichomeka kwenye `class="language-..."`. Akiandika alama ya nukuu na `>` katikati, katoka nje ya tegi na anafanya atakalo. Lugha mnazozikubali zinajulikana, wekeni orodha, kisichomo kionyeshwe bila rangi.

Anayetaka kuja hapa kunijibu "sisi tuna kichujio", kwanza abandike ile img kwenye tovuti yake mwenyewe, halafu ndiyo aje.