Mrejesho: mashine ya kupasulia kuni ya flaiwili
Niliuliza hapa kama mashine ya flaiwili (inayopasua kwa nguvu ya magurudumu mazito yanayozunguka) inaishinda kweli ya haidroliki (inayosukuma kwa shinikizo la mafuta) kwa kasi, na kama ni salama. Nimeshaitumia.

Kasi ipo. Kisukumio, kile kinacholisukuma gogo kwenye kabari, kinakwenda na kurudi kwa sekunde 3 hivi. Ile ya haidroliki niliyoizoea ilizidi 10. Gogo lenye vifundo ndilo hukwama, narudia pigo.

Usalama ndio ulionifikirisha zaidi. Nguvu inakaa kwenye magurudumu mazito, kwa hiyo ukishavuta mkono wa mashine, pigo linatoka kabla hujawahi kuondoa kidole. Hata ukizima injini, magurudumu huendelea kuzunguka kwa muda! Sasa simruhusu mtu yeyote anishikie gogo, na miwani sivui. Asanteni sana mlionihimiza nichague yenye vishikio viwili, kila mkono na chake.