Mbio za kilomita 50 jangwani na mvua imetabiriwa: viatu, nguo, mwendo, makorongo

Mchanga_Mkavu

Wakuu, heshima kwenu. Nina mbio za kilomita 50 za njia ya jangwani na maandalizi yangu yote yalikuwa ya joto: chumvi, kofia, maji mengi. Sasa utabiri umegeuka. Mvua usiku kucha kabla ya mbio, manyunyu hadi mchana, upepo kwenye vilima, nyuzi 8 asubuhi. Njia ina mabonde ya udongo mwekundu na wa kijivu, miamba bapa, na makorongo ya mchanga tunayovuka mara kadhaa. Nilipanga kumaliza kwa masaa 7, kikomo ni masaa 11. Nibadilishe nini? Naomba mambo ya vitendo, ya kujipa moyo ninayo.

Kanyagatope

Mkuu, weka saa pembeni kwanza, jifunze kuisoma ardhi.

Huo udongo wa mabondeni, hasa ule ambao ukikauka uso wake hufura na kupasuka kama bisi, ni mfinyanzi unaonyonya maji ndani ya tabaka zake na kuvimba. Ukiukanyaga unashika soli, halafu tope linashika tope lenzake. Hatua chache tu kila mguu umebeba kilo ya ziada, na nyonga ndizo zinazolipa.

Tope hilo hunata zaidi likiwa nusunusu. Likilowa chapachapa linaoshwa na dimbwi linalofuata, likikauka linabanduka. Kwa hiyo mvua inayoendelea kunyesha ni nafuu kuliko iliyokatika masaa mawili yaliyopita na jua limeanza kuchungulia. Ukikuta dimbwi katikati ya njia, pita humohumo kwenye maji, usipite kwenye kingo zinazoanza kukauka. Usipanue njia pia: ule ukoko mweusi wenye vinundu pembeni ni viumbe hai vinavyoshikilia udongo usipeperushwe, na ukiuvunja huchukua miaka mingi kurudi.

Mchanga ni kinyume. Mvua inaubana, na ule uliokuwa ukumalize siku ya jua unakuwa imara chini ya mguu. Hapo ndipo pa kukimbia. Kwenye mfinyanzi tembea: hatua fupi, mguu ukitua wote bapa, bila kusukuma kwa vidole. Anayelazimisha kukimbia pale anachoma nguvu nyingi kwa faida ya sekunde chache.

Miamba ya mchanga ikilowa bado inashika soli vizuri. Kinachokuangusha ni tope ulilotoka nalo bondeni, basi likwangue kabla hujapanda. Kwepa penye utando mweusi au wa kijani. Na usijining'inize kwenye kingo nyembamba, mwamba huo ukilowa unapungua nguvu na kipande kinaweza kukubakia mkononi.

Soli_Chakavu

Nachukua viatu na miguu.

Meno ya soli yawe na kina cha milimita 5 hadi 6, lakini angalia zaidi nafasi kati ya jino na jino. Meno marefu yaliyosongamana yanajaa tope na kubaki hivyo. Yakiachana vya kutosha, kila ukikunja mguu sehemu ya tope inaruka yenyewe.

Kamba: kaza juu ya unyayo, tumia tundu la mwisho kufunga kisigino, piga fundo mara mbili, kisha chomeka ncha chini ya kamba zenyewe. Mfinyanzi unafyonza kiatu na kukivua kabisa mguuni, na fundo lililojaa tope halifunguki kwa vidole vya baridi. Vaa na vizuia mchanga vya kifundoni, maana punje zikichanganyika na maji ndani ya soksi zinakula ngozi haraka.

Jioni kabla ya mbio, safisha na kukausha miguu, bandika plasta ya kunata sehemu zinazokusumbua. Plasta haishiki kwenye ngozi yenye mafuta, kwa hiyo bandika kwanza, kisha paka mafuta mazito ya mgando sehemu zilizobaki, hasa unyayo na katikati ya vidole. Asubuhi rudia. Mafuta hayazuii maji milele, yanachelewesha ngozi kulainika na kujikunja, na mikunjo ya unyayo inauma kuliko malengelenge. Paka pia mapajani na kwapani.

Soksi nyembamba za sufu laini au sintetiki, kamwe si pamba. Jozi ya akiba ifungwe kwenye mfuko usioingia maji, na uibadilishe baada ya kivuko cha mwisho cha maji. Wengi hubadilisha kituo kimoja mapema na kuzilowesha dakika kumi baadaye.

Mchanga_Mkavu

Asanteni. Viatu vyangu vina utando usiopitisha maji, vinafaa? Na kuna mtu kaniambia nipulizie mafuta ya kupikia chini ya soli tope lisishike.

Soli_Chakavu

Utando acha nyumbani. Maji yataingia kwa juu, kifundoni, na yakishaingia hayana pa kutokea. Kitambaa chenye matundu kinalowa upesi lakini kinajikamua kila hatua.

Mafuta kwenye soli mimi sishauri. Yanasaidia mwanzoni kisha mchanga unayafuta, na ukifika kwenye mwamba bapa kabla hayajaisha utajuta. Beba kadi ya plastiki ya zamani mfukoni: inakwangua soli kwa sekunde kumi.

Kanyagatope

Hapo tunatofautiana kidogo. Kama kilomita za kwanza zote ni mfinyanzi bila mwamba, mafuta yana kazi. Kwa njia uliyoieleza, yenye miamba kati, nakubaliana na kadi.

Baridi_Shavuni

Mnazungumzia matope, lakini kinachoua ni baridi. Tarehe 22 Mei 2021 kwenye mbio za kilomita 100 mkoani Gansu, China, eneo kame la nyanda za juu, hali ya hewa iligeuka ghafla: mvua baridi, mvua ya mawe, upepo mkali. Wakimbiaji 21 kati ya 172 walifariki. Wengi walikuwa na kaptura na nguo nyepesi, na koti la kuzuia upepo halikuwa kwenye orodha ya vifaa vya lazima.

Nyuzi 8 na upepo juu ya mtu aliyelowa zinatosha, hasa matope yakishampunguza mwendo. Ukikimbia mwili unatengeneza joto, ukitembea linapungua, na ni matope hayohayo yanayokulazimisha kutembea.

Kwa hiyo: koti lenye kofia na mishono iliyozibwa, la kiwango cha kuzuia maji cha milimita 10,000 au zaidi. Fulana nzito ya mikono mirefu ndani ya mfuko usioingia maji. Glavu zinazozuia maji juu ya zile nyembamba. Kofia ya sufu au kitambaa cha shingo. Blanketi la dharura. Livae koti kabla hujaanza kutetemeka, kwani kurudisha joto lililopotea ni kazi ngumu kuliko kulitunza.

Jipime kila nusu saa: gusisha kidole gumba na kidole kidogo cha mkono uleule. Ikishindikana, au ukianza kujikwaa na maneno kukuponyoka, simama mahali pasipo upepo, vua fulana iliyolowa, vaa kavu, zungushia blanketi *chini* ya koti ili lisipeperuke, na kula kitu cha sukari. Mwenzako akiacha kutetemeka huku bado ana baridi na amechanganyikiwa, usifurahi, hali imekuwa mbaya. Omba msaada, mkinge na upepo, na usimwache peke yake.

Maji_Yanapita

Makorongo. Ardhi ya jangwa, hasa miamba na udongo ulioshikana, hainywi mvua haraka. Maji yanateremka kwa mkupuo, na mvua iliyoyaleta huenda ilinyesha mbali, wewe ukiwa chini ya anga safi. Usisimame korongoni kula wala kufunga kamba. Ukiona maji yamegeuka rangi, vijiti na povu vinaelea, au unasikia ngurumo isiyo ya radi, panda kando mara moja. Usishindane nayo kwa kukimbia kufuata mkondo.

Kina cha sentimita 15 cha maji yaendayo kasi kinatosha kumwangusha mtu mzima. Yakiwa na kasi, yakifika magotini, au huoni chini, subiri mahali pa juu. Kwenye korongo dogo maji huweza kupungua ndani ya masaa machache, na waandaaji makini huongeza muda au hufunga sehemu hiyo. Ukivuka, chagua palipo papana, kwa kawaida ndipo maji yalipo mafupi na mapole. Fungua mikanda ya kifua na kiuno ya mkoba, elekeza uso yanakotoka maji, tumia fimbo, sogea kiubavu hatua moja moja. Usijifunge kamba mwilini.

Radi ikianza, shuka kutoka kwenye vilele na miamba iliyo wazi, ila usikimbilie korongoni. Hesabu dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho kabla hujarudi juu.

Mchanga_Mkavu

Nimeelewa. La mwisho: chakula na njia yenyewe?

Kanyagatope

Panga chakula kwa saa, usipange kwa kilomita. Gramu 60 za wanga kwa saa kwa masaa 7 ni 420, ila matope yakikufikisha masaa 10 unahitaji 600. Pakiti zikate ncha kidogo mapema, glavu zilizolowa hazifungui kitu. Kwenye baridi kiu hupungua, basi kunywa kidogokidogo, lakini usiendelee na lita ulizopangia joto: maji ya kupita kiasi yanashusha chumvi ya damu.

Alama za njia zinaweza kusombwa, kwa hiyo pakia ramani kwenye saa mapema. Funga kioo cha kugusa na utumie vitufe, matone ya mvua yanabonyeza ovyo. Mkikamatwa na giza, tochi ya pili ishike usawa wa kiuno. Ile ya kichwani inamulika matone yaliyo mbele ya macho na huioni ardhi.

Na ondoa vile vidude vipana vya chini ya fimbo, kwenye mfinyanzi vinakusanya bonge la tope.