Mjadala: Je, ni haki migunga yetu kuvuliwa jina la Acacia?

Mwanzisha mada

Ndugu wachangiaji, kila anayefundisha botania, anayehudumia msitu au anayeongoza watalii katika Afrika Mashariki amekwisha kukutana na jambo hili. Migunga, ambayo vitabu vyetu vingi bado vinaiweka katika jenasi (kundi la spishi zenye ukoo wa karibu) iitwayo Acacia, kwa mujibu wa kanuni za kimataifa za majina ya mimea sasa ni Vachellia na Senegalia. Jina Acacia limebaki kwa spishi zipatazo 1,000, ambazo karibu zote asili yake ni Australia. Wengi wanaiita hatua hiyo dhuluma. Mimi naona mambo mawili yamechanganywa: kuigawa jenasi, ambako kuna ushahidi mzito, na kuamua ni kundi lipi libaki na jina, jambo lililopigiwa kura.

Katika ushahidi huo, chavua, yaani unga wa maua, ilisema mapema. Maua mengi tunayoyajua hutoa chavua punje mojamoja, lakini migunga na jamaa zake katika familia ya mikunde hutoa punje zilizoshikamana katika kishada, aghalabu 16: nane za katikati, zikiwa tabaka mbili za nne nne, na nane zinazozunguka pembeni. Stigma, sehemu ya ua inayopokea chavua, ni kikombe kidogo kinachotosha kishada kimoja tu, na kwa kawaida idadi ya ovuli, ambazo ndizo huwa mbegu, haizidi idadi ya punje za kishada, kwa hiyo kishada kimoja kikitua mahali pake huweza kurutubisha mbegu zote za ganda zima. Hapo makundi yote yanafanana. Tofauti huanza punje yenyewe inapotazamwa kwa hadubini ya elektroni. Katika kundi la Vachellia, kama vile mgunga wa Serengeti, Vachellia tortilis, punje ina mifereji yenye matundu, na ukuta wake wa nje una nguzo ndogondogo zilizosimama kati ya tabaka. Katika kundi la Senegalia kuna matundu matupu, bila mifereji wala nguzo hizo. Mfaransa Philippe Guinet alizieleza tofauti za namna hii mwaka 1969, miaka mingi kabla ya vinasaba kutumika. Vinasaba vilipokuja vilionyesha kwamba miti ya Australia iko karibu zaidi na jamaa za Albizia, jenasi nyingine ya mikunde, kuliko ilivyo karibu na mgunga.

Mchangiaji wa kwanza

Sina ugomvi na hadubini. Ugomvi wangu ni wa jina. Philip Miller aliichapisha jenasi Acacia mwaka 1754, na spishi iliyokuja kuwa kielelezo cha jina hilo, yaani spishi ambayo jina limefungwa kwake, ni mti unaoota Afrika na Asia, ambao leo unaitwa Vachellia nilotica. Kwa kanuni ya kawaida, jenasi ikigawanywa, jina hufuata kielelezo. Hata Leslie Pedley, mtaalamu wa Queensland, Australia, alipopendekeza jenasi tatu mwaka 1986 aliwaachia Waafrika Acacia, na miti ya kwao akaipa jina Racosperma. Kisha mwaka 2005, kwenye mkutano wa kimataifa wa botania wa Vienna, asilimia 54.9 ya kura zilikataa kuhamishia kielelezo kwa spishi ya Australia na asilimia 45.1 zilikubali, lakini waliokubali ndio walioshinda, kwa sababu ilitakiwa asilimia 60 kutengua pendekezo la kamati ya majina ya mimea, iliyotaka kielelezo kihamishwe. Uchaguzi wa mwenyekiti wa kijiji ukienda hivyo, tutakaa kimya?

Mchangiaji wa pili

Ndugu yangu, sharti la asilimia 60 halikutungwa kwa ajili ya migunga. Lilihusu mapendekezo ya kamati kwa jumla, na wapiga kura walilijua walipoingia ukumbini. Mkutano wa Melbourne wa mwaka 2011 ulipewa nafasi ya kulirudia suala hili na haukubadilisha uamuzi. Tazama pia hesabu: Vachellia ina spishi zipatazo 160, kwa hiyo kurudisha jina Afrika kungelazimu kubadilisha majina ya spishi nyingi zaidi upande wa Australia.

Tena mgawanyo huu una faida porini. Vachellia aghalabu ina miiba iliyonyooka, miwili miwili kwenye kila kifundo, ilhali kikwata, ambacho kiko Senegalia, kina miiba ya ndoana inayonasa nguo na kukataa kuiachia. Hata biashara ya gamu, ule utomvu mkavu wa miti hii, inanufaika: ile bora hutoka kwa Senegalia senegal, na ile ya daraja la chini kwa Vachellia seyal. Zamani zote mbili zilikuwa Acacia.

Ninachokubali kuwa ni kichekesho ni miwati ya Njombe. Mti huo, Acacia mearnsii, uliletwa kutoka Australia kwa ajili ya tanini ya magome, inayotumika kulainisha ngozi, na leo una haki ya jina hilo kuliko mgunga uliozaliwa hapa.

Mchangiaji wa tatu

Naona mwanzisha mada ameipa chavua sifa kupita kiasi. Senegalia yenyewe imeonekana kwa vinasaba kuwa haitokani na ukoo mmoja, na baadhi ya spishi zimekwisha kutolewa humo. Faidherbia albida nayo ilipewa jenasi yake mwaka 1934, lakini hadi leo ofisi nyingi za kilimo huiandika Acacia albida. Tukibadilisha vitabu vya shule kila ukoo unapopasuka, mwanafunzi atakariri majina bila kuujua mti.

Mwanzisha mada

Hoja ya Senegalia naipokea: chavua ilionyesha mpaka kati ya makundi makubwa, haikuonyesha nyufa zote zilizomo ndani yake. Hata hivyo mpaka wa Vachellia umesimama, na huo ndio unaoihusu migunga yetu mingi. Kuhusu kura ya Vienna, naungana na mchangiaji wa kwanza kwamba wengi walishindwa, ila sioni kwamba mtihani wa mwanafunzi ni mahali pa kuikatia rufaa. Katika vitabu na vibao vya hifadhi napendekeza tuandike mgunga kwanza, kisha Vachellia tortilis, na kwenye mabano Acacia tortilis, kwa sababu ripoti za misitu za miaka mingi hazipatikani kwa jina lingine. Anayetaka jina la zamani lirudishwe rasmi apeleke pendekezo kwenye mkutano wa kimataifa wa botania.