Tupeane uzoefu: uliyebadilisha sensa ya ABS mwenyewe nyumbani, ulikutana na nini?

Baba Raum
Wakuu, jana nimepita gereji nikamkuta kijana anagonga sensa ya ABS (ile inayosoma mzunguko wa tairi ili mfumo uzuie breki zisijifunge) kwa tindo, jasho linamtoka, nikaikumbuka Jumapili yangu ya mwaka juzi.

Gari ni Raum. Taa ya ABS iliwaka siku chache baada ya kupita kwenye maji ya Jangwani. Nikapima kwa mashine, ikaleta C0200, tairi la mbele kulia. Nikanunua sensa nikijua kazi ni bolti moja, spana namba 10. Kweli bolti ilitoka kama imepakwa mafuta. Sensa ndiyo haikutikisika hata kidogo.

Mnajua pale inapokaa: kipande cha plastiki kimezama kwenye chuma cha nako, kile kinachoshika beringi ya tairi. Kutu ikiota kwenye tundu inavimba na kukibana pande zote. Nikapulizia WD-40, nikasubiri, nikaishika na plaizi nikaizungusha. Ikalia "ta!" Kichwa kimebaki mkononi, mwili umebaki ndani. Saa moja usiku, gari liko juu ya jeki, na asubuhi nina mama wa kumpeleka kliniki. Niliketi chini pale, kwa muda sikuweza hata kusema na mtu.

Mwishowe nilitoboa katikati ya kile kipande kwa drili, taratibu, nikazamisha skrubu ya mbao, nikaivuta kwa plaizi. Kikatoka vipande vipande. Tundu nililisafisha kwa msasa niliouviringisha kwenye penseli, uchafu nikaufuta kwa kitambaa usibaki kwenye meno ya ringi inayosomwa na sensa. Saa nne na robo usiku sensa mpya iliingia kwa mkono tu, bila kugongwa. Nilipofika mwisho wa mtaa taa ikazima.

Wengine leteni yenu.

Mama Demio
Hapo pa bolti kutoka kirahisi halafu sensa ikagoma, umenigusa kabisa. Yangu ilinila siku mbili.

Rewaya Tanga
Huku pwani hilo ni la kila wiki. Chumvi ya bahari inakula chuma, na ukikuta gari lilikaa sehemu za theluji Japani, ambako barabara zinamwagiwa chumvi, ndiyo usiseme. Ushauri wangu: usianze kwa kuvuta. Pulizia jioni, rudia asubuhi, kisha izungushe kidogo kulia na kushoto mpaka iachie. Ukiizungusha kwa hasira inakatika.

Jambo jingine, pimeni kabla ya kununua. Wengi wanabadilisha sensa nzima huku waya ndio umekatika pale unapojikunja usukani ukikatwa. Chukua multimita upime ukinzani. Sensa nzima inasoma karibu omu elfu moja hadi elfu mbili.

Kijana wa Moro
Kaka Rewaya, kwa heshima, hapo unawapoteza watu. Hicho kipimo ni cha sensa za zamani zenye koili, yaani waya uliozungushwa ndani. Magari mengi ya sasa yana sensa zinazolishwa umeme, na hizo huwezi kuzihukumu kwa kupima omu. Mimi nilitupa sensa nzima kwa sababu ya ushauri kama huu.

Rewaya Tanga
Kijana, nimefanya kazi hii miaka kumi na tisa. Hizo Corolla za zamani ninazoletewa kila siku zina koili.

Kijana wa Moro
Sibishani na miaka yako, kaka. Nasema taja na aina. Njia ya kuzijua ni hii: chomoa soketi, washa swichi, pima upande unaotoka kwenye gari. Ukikuta volti karibu 12 (gari nyingine huwa pungufu), hiyo ni ya kulishwa. Usipokuta kitu chenye maana, yaelekea ni ya koili. Hapo pima sensa yenyewe kwa volti za AC huku mwenzako anazungusha tairi kwa mkono. Inatoa umeme mdogo, na ukizungusha haraka unaongezeka.

Rewaya Tanga
Hilo la AC nakubaliana nawe. Ningelitaja tangu mwanzo.

Makanika wa Thika
Wadau, yangu ilianza baada ya kubadilisha beringi ya tairi la mbele. Beringi mpya, taa ya ABS papo hapo. Nikanunua sensa, taa iko. Nikanunua ya pili, taa bado iko. Wiki tatu. Kumbe kuna beringi ambazo hazitumii ringi ya meno: ile sili ya upande mmoja ina sumaku ndani yake, na ndiyo sensa inayoisoma. Nilikuwa nimeipiga kinyume, sumaku imeangalia nje. Nikang'oa beringi mpya kabisa, na hiyo ukishaing'oa haifai tena. Siku hizi kabla ya kupiga beringi nachukua pini ndogo ya ofisi, naigusisha kwenye sili zote mbili. Upande unaoivuta unaelekea kwenye sensa.

Dada Ist
Mimi nilibadilishiwa shafti ya tairi, mtumba wa dukani. Haikuwa na ringi ya meno! Nimehangaika na sensa mwezi mzima, kumbe hakuna cha kusoma. Ukinunua shafti, iweke sambamba na yako uhesabu meno.

Jembe la Ubungo
Mnajitesa bure. Breki inashika, taa inawaka, shida iko wapi? Toeni balbu kwenye dashibodi muendelee na maisha. Mimi nimetembea hivyo mwaka mzima.

Mama Demio
Jembe, na ukiuza hilo gari utamwambia mnunuzi?

Jembe la Ubungo
Mnunuzi ana macho, akague mwenyewe.

Msafiri wa Nyanda
Jembe ndugu yangu, sikutaka kuandika hapa, ila umenilazimisha.

Nilikuwa natoka Mbeya na Noah, mke wangu pembeni, watoto watatu nyuma. Taa ya ABS ilikuwa na miezi mitano. Fundi aliniambia neno lako hilo hilo, kwamba breki inashika. Tumeanza kushuka mlima Kitonga mvua inanyesha. Mbele kuna lori limebeba mbao, linashuka kwa gia ndogo. Nikakanyaga breki kwenye kona. Matairi yakajifunga yote. Nimekata usukani kushoto, gari halisikii, linateleza kufuata lori kama limefungwa kamba. Mke wangu alikuwa anataja jina la mtoto wetu mdogo tu, analirudia.

Kitu kimoja nilikumbuka, alichonifundisha marehemu baba: tairi ikijifunga, achia breki. Kuachia breki ukiwa umeona mbao za lori ziko usoni kwako ni jambo gumu sana, jamani. Niliachia. Matairi yakashika, gari likavutika kushoto, tairi mbili zikaingia mtaroni, tukasimama. Hakuna aliyeumia.

Iringa nilipokuja kupima, waya wa sensa ya mbele kushoto ulikuwa umesagwa na tairi. Kishikio chake hakikurudishwa siku walipobadilisha shokapu. Waya tu.

Dada Ist
Mungu mkubwa. Watoto wanaendeleaje kusafiri?

Msafiri wa Nyanda
Yule wa kati mpaka leo tukifika Ilula anashika mkono wa mama yake.

Mama Demio
Pole sana kaka. Na dereva wa lori alisimama?

Msafiri wa Nyanda
Alisimama chini kabisa, akapanda kwa miguu na turnboi wake, wakatusukuma tukatoka mtaroni. Sikuchukua hata namba yake, na hilo linaniuma.

Jembe la Ubungo
Pole, mkuu. Narudisha balbu. Nielekezeni pa kuanzia.

Baba Raum
Karibu, Jembe. Anza kwa kujua ni tairi lipi. C0200 mbele kulia, C0205 mbele kushoto, C0210 nyuma kulia, C0215 nyuma kushoto. Kulia ni kulia kwako ukiwa kitini. Halafu angalia: taa ya ABS peke yake maana yake breki ya kawaida ipo. Ikiwaka pamoja na ile nyekundu ya breki, paki gari, usiende nalo popote.

Kijana wa Moro
Na vile vimashine vya bei ndogo vingi vinasoma injini tu. Kwa Toyota nyingi unaweza kuunganisha tundu namba 4 na 13 kwa waya kwenye soketi ya kupimia chini ya usukani, ukawasha swichi na kuhesabu taa inavyomweka: 31 mbele kulia, 32 mbele kushoto, 33 nyuma kulia, 34 nyuma kushoto. Ukimaliza matengenezo, waya ukiwa bado umeunganishwa, kanyaga breki mara nane ndani ya sekunde tano, kumbukumbu inafutika. Usiguse namba 16, hiyo ina umeme wa betri moja kwa moja.

Rewaya Tanga
Na ukirudisha, paka grisi kidogo kwenye ukuta wa tundu.

Makanika wa Thika
Grisi mimi sipaki, inakusanya vumbi la chuma. Nasafisha tu.

Rewaya Tanga
Kwenu Thika hakuna bahari.

Fundi Mwanafunzi
Wakuu, niko Chanika, nimekwama sasa hivi. Sensa imekatikia ndani kama ya Baba Raum, mbele kushoto, na wingu limeshafunga. Drili sina.

Baba Raum
Tairi ulilotoa lisukume chini ya bodi, jeki ikiteleza lilipokee gari. Soketi ya waya ifunge nailoni. Uko upande gani wa Chanika? Mimi niko Pugu, drili ninayo.

Fundi Mwanafunzi
Karibu na sokoni, kaka. Tairi nimeshalisukuma. Nakutumia namba faragha.